Kisiki cha Koboko Kingali Hai

Askari anapostaafu, jambo la kwanza alitafutalo ni mahali pa kulaza ubavu, na la pili ni kazi ya kuishughulisha mikono iliyozoea amri. Sajini mmoja wa polisi, mzaliwa wa Koboko, alirudi kwao mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya utumishi wa miaka 31. Alirudi na sanduku la bati, redio, mkewe aliyemfuata kambi kwa kambi, na hesabu aliyokuwa ameipiga kichwani kwa muda mrefu. Hesabu yenyewe ilihusu ekari mbili za kichaka.

Shamba lake lilikuwa na ekari saba. Tano zililimwa muhogo, ufuta na karanga. Mbili za chini, zielekeazo kijito kinachomwaga maji yake katika mto Kochi, hazikuwa zimelimwa na mtu tangu mwaka 1980, vita vilipoingia West Nile na wananchi wa Arua na Koboko wakavuka mpaka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan. Sajini mwenyewe alivuka akiwa mtoto, kashika kuku kwapani. Waliporudi baada ya miaka kadhaa, walikuta nyumba zimekuwa majivu na mashamba yamekuwa msitu mchanga. Mashamba ya juu yalifyekwa upya, yale ya chini yakaachwa. Toka hapo kila mwenye haja alikwenda huko na panga lake: huyu apate kuni, yule apate nguzo, mwingine achome gunia mbili tatu za mkaa. Kufikia mwaka 2023 kilichobaki kilikuwa vichaka vifupi, miti michache mirefu na visiki.

Hesabu ya Sajini ilikuwa hii. Angefyeka ekari zote mbili, ang'oe visiki, apande mikaratusi. Mkaratusi hauna maringo: hukua upesi, husimama wima, na nguzo zake hazikosi mnunuzi mjini Koboko wala Arua. Kitinda mimba wake alikuwa chuo kikuu mjini Arua, na karo haimngoji mtu. Vijana wanne walikwisha kukubaliana naye juu ya ujira. Wangeanza kazi Jumatatu na mashoka na sururu.

Mkewe hakubishana naye. Alisema neno moja tu jioni wakati wa kupakua chakula: "Afande, na mimi kuni nitachanja wapi?" Yeye humwita mumewe Afande kwa nadra, na watoto wote wanajua kwamba siku aitwapo hivyo nyumbani, mambo si shwari.

Siku mbili kabla ya Jumatatu hiyo, mwenyekiti wa kijiji alifika na mgeni. Alikuwa binti wa Kilugbara kutoka Arua, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa ambayo mwenye kuipata huitwa daktari ingawa hatibu mgonjwa. Utafiti wake ulihusu namna ya kurudisha bioanuwai katika nchi ya mashamba. Kwa neno hilo wataalamu wanakusudia wingi wa aina za viumbe mahali pamoja: miti, majani, ndege, nyuki, popo, mchwa, hata vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Aliomba ruhusa ya kukaa siku tatu akipima na kuuliza. Kwa kuwa Sajini ni Mkakwa, mkewe ni Mkakwa wa upande wa Kongo, na binti ni Mlugbara, mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Sajini aliisema kwa ufasaha wa paredi.

"Wewe mwalimu ni wa miti au wa watu?" Sajini alimwuliza.

"Wa vyote viwili, Baba," binti alijibu. "Ndiyo maana daftari zangu ni tatu."

Jibu hilo lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Zamani mtaalamu wa misitu alihesabu miti, mtaalamu wa kilimo akapima mavuno, na mtaalamu wa mila akaandika desturi, kila mmoja katika ofisi yake. Siku hizi vyuo vingi vimeona kuwa shamba haligawanyiki hivyo. Katika magharibi ya Rwanda, kwa mfano, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Leuphana cha Ujerumani wamejigawia kazi ili wengine wachunguze mimea na wanyama, na wengine wachunguze maisha ya wakulima na haki katika ugawaji wa faida, kisha matokeo yawekwe pamoja. Sababu ni nyepesi. Mti uliopandwa na serikali ukang'olewa na mwananchi si mti uliorudi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya daftari la miti. Binti alidamka kabla ya jua kusikiliza ndege, kisha akapita kichakani na kamba ya kupimia, akihesabu. Saa sita mchana alimwita Sajini, akamwonyesha kisiki kilichokatwa karibu na ardhi. Pembeni mwake yalikuwa yamechipuka machipukizi zaidi ya kumi, membamba kama vidole.

"Hiki umekiitaje, Baba?"

"Kisiki. Jumatatu kinang'olewa."

"Hiki ni mti," binti akasema. "Mizizi yake yote ingali chini, nayo imeishi miaka mingi kuliko mimi. Mche wa kununua utahangaika miaka miwili kutafuta maji ambayo huyu ameshayapata."

Akamweleza kwamba katika ekari hizo mbili alikuwa amehesabu visiki hai vingi kuliko miti iliyosimama. Njia ya kuviamsha si ngeni duniani. Katika nchi ya Niger, kuanzia mwaka 1983, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo, baada ya kuona miche yake ikifa jangwani, aliwashawishi wakulima waache kupanda na badala yake wayapogoe machipukizi ya visiki vilivyokuwa vimelala mashambani mwao. Katika muda wa miaka 20 hivi, miti ilikuwa imerudi juu ya hekta zipatazo milioni tano. Huko Dodoma, Tanzania, kazi ya namna hiyo wameipa jina la Kiswahili lisilohitaji tafsiri: Kisiki Hai. Na Shinyanga, ambako miti mingi ilifyekwa zamani za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike masika ili yatumike kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulipoanza mwaka 1986 haukuwaletea desturi mpya. Uliifufua ile ile yao, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimeenea juu ya zaidi ya hekta 300,000.

Sajini alisikiliza mikono nyuma. "Na karo?" aliuliza. Binti hakuwa na jibu la haraka, na hakujifanya analo.

Siku ya pili ilikuwa ya daftari la jikoni. Binti alikaa na mama mwenye nyumba tangu moto wa asubuhi hadi wa usiku, akiandika kila kitu kilichotoka kichakani kikaingia chunguni. Orodha ilikuwa ndefu. Kuni zenyewe kwanza. Ukwaju wa kutia katika uji. Mafuta ya shea, yaliyokamuliwa kutokana na kokwa za mti mmoja uliosimama kando ya kijito, na mengine kununuliwa kwa wanawake wa Yumbe. Majani ya mboga yanayochipuka baada ya mvua ya kwanza. Uyoga unaoota penye kichuguu. Kumbikumbi wanaoruka kutoka kichuguu hicho hicho, ambao hukaangwa wakaliwa kwa enyasa, ugali wa muhogo unaopendwa West Nile. Asali ya mzinga mmoja. Nyasi za kuezekea ghala. Dawa ya kikohozi cha watoto. Mama hakuwahi kuvitia bei vitu hivi, kwa kuwa hakuvinunua, na kwa sababu hiyo havikuwamo katika hesabu ya mumewe.

Binti alimweleza na yeye yale ambayo jiko halioni. Nyuki wa kichakani ndio wanaoingia katika maua ya ufuta wa shamba la juu, na ua lililotembelewa na nyuki hutunga mbegu vizuri zaidi. Popo wanaokula matunda ya shea usiku hudondosha mbegu mbali na mti mama. Ndege wanaolala vichakani hushinda mchana wakila viwavi vya shambani. Na mizizi ya miti hiyo ndiyo inayoushika udongo usiporomoke kijitoni. Mikaratusi hunywa maji mengi, na ikipandwa karibu na kijito huweza kukipunguza. Mahali pake ni juu, mbali na maji, nayo si adui ikiwekwa panapoifaa.

Ndipo mama akauliza swali lake. Aliuliza polepole, akipepeta karanga.

"Mwanangu, umesema kisiki kikitunzwa kitakuwa mti. Nikikipogoa mimi, nikakilinda na mbuzi, nikakizuilia moto kila kiangazi, miaka mitano, kumi. Siku moja shemeji yangu anapatana bei na mtu wa mkaa. Mti huo ni wa nani?"

Kalamu ya binti ilisimama. Ardhi ya kule, kwa Wakakwa kama kwa Walugbara, kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo husemewa na wanaume. Mwanamke hulima, huvuna na hulisha, lakini neno la mwisho juu ya mti mkubwa mara nyingi si lake. Baada ya kimya binti akasema: "Mama, swali hilo mimi siwezi kulijibu. Lakini nitaliandika." Akafungua daftari la tatu, ambalo hadi saa ile lilikuwa na kurasa nyeupe tupu.

Sajini alikuwa nyuma ya uzio akinoa panga, na maneno yote yalimfikia. Usiku ule hakulala mapema. Alikumbuka miezi yake ya mwisho kazini. Mei 2023 Rais alikuwa ametoa amri ya kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara katika kaskazini na kaskazini-mashariki ya Uganda, na Sajini alisimama kizuizini akikagua malori. Kila dereva aliyekamatwa alitoa utetezi ule ule: miti nimeinunua kwa mwenyewe. Sajini alikuwa ameandika majina ya wenyewe hao katika kitabu cha taarifa. Sasa, akiwa amelala chali gizani, alitambua kuwa hakuwahi kuandika jina la mwanamke hata moja. Alitambua na jingine lililomwuma zaidi: alikuwa amelinda miti ya watu barabarani, na Jumatatu angeilipia yake ifyekwe.

Asubuhi ya tatu alimwuliza binti swali la kizee. "Haya mambo ya kurudisha viumbe, vyote vinarudi?"

"Hapana, Baba. Vingine havirudi." Akamsimulia habari ya kifaru mweupe wa kaskazini. Nchi hii ya magharibi ya Nile ilikuwa kwao. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka uliotangulia, alipiga kambi ukingoni mwa Nile kuwawinda, na mahali pale hadi leo panaitwa Rhino Camp. Baadaye ilitengwa Hifadhi ya Ajai kuwalinda, na katika miaka ya 1960 wengine walihamishiwa Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison. Havikufua dafu. Ujangili na vita viliwamaliza. Dume wa mwisho duniani, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya Machi 2018, na waliobaki ni majike wawili tu, Najin na Fatu.

Sajini alitikisa kichwa. "Kifaru hana kisiki," akasema.

Jumatatu vijana wanne walifika na mashoka. Sajini aliwalipa ujira waliopatana, ila aliwabadilishia kazi. Walikata njia pana ya kuzuia moto kuzunguka kichaka chote, kisha wakafundishwa kupogoa. Mikaratusi haikufutwa katika hesabu: alitenga robo ekari ya juu, penye mawe, mbali na kijito. Lakini robo ekari hailipi karo ya chuo kikuu. Mwezi uliofuata Sajini aliuza fahali wake wa pekee mnadani, akarudi nyumbani kwa miguu bila kusema na mtu. Hasara ile ilikuwa ya kweli, na yafaa isemwe wazi, maana wengi wahubirio habari za miti hawataji fahali wa nani aliuzwa.

Kazi ngumu zaidi ilibaki. Sajini aliita ndugu zake na wazee wa ukoo chini ya mwembe, mwenyekiti wa kijiji akiwapo, akaweka mbele yao swali la mkewe. Mabishano yalichukua mchana kutwa. Mzee mmoja alisema mti hauwezi kuwa wa mtu, kwa kuwa mtu hufa. Mdogo wake Sajini alisema waziwazi kwamba wanawake ni wageni katika ardhi ya ukoo, na kwamba mkaa ndio uliomjengea nyumba ya mabati. Mama hakuitwa kusema, lakini alisema. Aliwauliza ni nani kati yao alikuwa amezima moto wa kichaka kiangazi kilichopita. Hakuna aliyeinua mkono, kwa kuwa kila mmoja alijua kuwa aliyeuzima ni yeye na watoto.

Jioni yaliandikwa makubaliano katika daftari la shule. Ardhi inabaki ya ukoo. Matunda, kuni na asali ni vya mama na wakwe zake. Mti wowote uliotunzwa toka kisiki hautakatwa wala kuuzwa bila neno la aliyeutunza. Wazee waliweka saini na wengine dole gumba. Mdogo wake Sajini alikataa, akaondoka na baiskeli yake.

Daftari hilo si sheria ya Bunge, lakini mambo makubwa hutegemea daftari kama hilo. Misitu ya Uganda ilishuka kutoka asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 hadi karibu asilimia 9 mwaka 2015. Mwaka 2014 nchi iliahidi mbele ya mataifa kurudisha uoto juu ya hekta milioni 2.5, na Umoja wa Mataifa umeifanya miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa mwongo wa kazi hiyo. West Nile imebeba mzigo wa ziada kwa moyo mwema: imepokea wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo kwa malaki, huko Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule, na kila familia, ya mwenyeji na ya mgeni, hupika kwa kuni. Hekta hizo zote hazitapatikana katika makaratasi ya Kampala. Zitapatikana ekari mbili mbili, katika viambo vya watu ambao wamekwisha kuulizana mti ni wa nani.

Kwa familia za askari zenye shamba nyumbani, hata wakiwa bado makambini, kazi yenyewe si ya gharama. Kiangazi kinapoanza, katika mwezi wa Desemba, kata njia ya moto kuzunguka kichaka. Katika kila kisiki chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyo imara na yaliyonyooka, uyaondoe mengine. Pogoa matawi ya chini ya yale uliyoyachagua, yasizidi nusu ya urefu wake, na utumie panga kali lisiuchane mti. Yafunge kitambaa ili kila apitaye ajue kuwa yanalindwa. Mbuzi wasiingie. Vilivyokatwa ni kuni za jikoni, na jiko la udongo lililofunikwa pande zote huzifanya zidumu kuliko mafiga matatu. Rudia mwaka hata mwaka. Na kabla ya yote hayo, kaeni mume, mke na ndugu mwandike miti itakuwa ya nani. Mti wa shea huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vema, na hakuna mtu atakayeusubiri muda huo kama hajui atakayekula.

Binti wa Arua alirudi kiangazi cha pili na daftari zake. Machipukizi yalikuwa yamempita Sajini kimo. Alihesabu ndege alfajiri, akapima udongo, akaandika. Hakutaka kusema matokeo, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha, na mtafiti mwaminifu hali mbivu kabla ya kuiva.

Mchana, wakiwa wamekaa barazani, baiskeli ilisimama nje ya uzio. Alikuwa mdogo wake Sajini, yule aliyekataa saini. Ghala lake lilikuwa limeinama na alitaka kulitegemeza. Alimwamkia kaka yake, akakaribishwa maji, akazungumza habari za mvua na bei ya ufuta. Kisha akageuka, akamtazama shemeji yake aliyekuwa akichambua ukwaju.

"Mama," akasema, "nilikuwa naomba fito mbili kule chini, kama unaona inafaa."

Mama alifuta mikono katika kanga, akachukua panga, akatangulia kushuka naye kichakani kumwonyesha zipi.